Pipa, koki na kipimajoto: kuchagua vyombo vya togwa na pombe ya kimea nyumbani penye watoto

Kama nyumbani kwako mnatumia kimea, bila shaka kuna siku katika wiki ambapo chombo kikubwa chenye uji wa moto hukaa jikoni au uani. Katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Ruvuma uji huo huwa togwa ya watoto. Katika nyumba nyingine, na mara nyingi katika nyumba hiyo hiyo, ukiachwa siku chache zaidi huwa komoni ya kuuza. Kilimanjaro kimea cha ulezi huingia kwenye mbege, na magharibi mwa Kenya kuna busaa.

Makala haya hayakuhukumu kwa unachopika wala unachouza. Najua akina mama wanaolipia madaftari, sare na nauli za watoto kwa pesa ya pombe ya kimea. Ninataka tuzungumze juu ya chombo: kimetengenezwa kwa nini, kilibeba nini kabla hakijafika kwako, fundi amekifunga koki gani, na kinakaa wapi mtoto anapotambaa. Kliniki huwa tunamuuliza mama mtoto amekula nini. Ni mara chache tunauliza chakula hicho kililala kwenye chombo gani.

Uchachu unaolinda ndio unaokula chuma

Uji wa kimea ukikaa, vijidudu vizuri huubadilisha sukari yake kuwa asidi. Ndiyo maana togwa ya jana ina ukali kidogo kwenye ulimi, kama maziwa ya mgando. Ukali huo una faida kubwa. Utafiti uliofanyika Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vijidudu vingi vinavyoleta kuhara hushindwa kuishi ndani ya togwa iliyochachuka vizuri. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara.

Lakini asidi hiyo haichagui. Ikikutana na chuma, zinki au risasi, huanza kuyeyusha. Huoni chochote, na pengine ladha haibadiliki. Uji usiochachuka ukikaa saa moja ndani ya sufuria hauchukui kitu cha maana kutoka kwenye chombo. Uji uleule ukichachuka usiku kucha, au ukikaa siku tatu au nne ukiwa pombe, unakunywa chombo taratibu. Kwa hiyo swali la kwanza unapochagua chombo ni hili: ni cha kupikia, au ni cha kuchachulia? Hizo ni kazi mbili tofauti, na kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni kutumia pipa moja kwa zote mbili.

Habari njema ni kwamba kuzitenganisha hakuhitaji pesa nyingi. Pika kwenye sufuria ya kawaida ya aluminiamu ya dukani, acha uji upoe hadi uwe vuguvugu, kisha uhamishie kwenye ndoo ya plastiki ya chakula au chungu cha udongo ndipo uchachuke humo. Sufuria imefanya kazi ya moto, ndoo inafanya kazi ya asidi. Asilale humo mwenzake.

Pipa la lita 200

Tuanze na pipa kwa sababu ndilo linaloonekana kila mahali, na ndilo linalonipa wasiwasi zaidi.

Pipa la chuma lililouzwa sokoni lilibeba kitu kabla yako. Linaweza kuwa lilibeba mafuta ya kula, na linaweza kuwa lilibeba oili ya injini, lami, rangi au dawa ya kuulia wadudu shambani. Muuzaji atakwambia lilikuwa la mafuta ya kula. Yeye naye aliambiwa hivyo. Kama halina maandishi yanayosomeka, au limepakwa rangi mpya kuficha maandishi, usilinunue kwa ajili ya kitu kitakachoingia mdomoni. Dawa za shambani hazitoki kwa sabuni wala kwa maji ya moto, na za plastiki ni mbaya zaidi kwa sababu plastiki hunywa dawa ndani ya ukuta wake kisha huitoa kidogo kidogo. Dumu lililobeba dawa ya mimea halirudi kuwa la maji, hata likae juani mwezi mzima.

Wengine hulichoma pipa kwa moto mkali ili kulisafisha. Moto huunguza rangi ya ndani na kuacha mabaki yake, na baada ya hapo chuma kinabaki wazi kabisa mbele ya asidi. Tena, pipa lililobeba kitu kinachowaka linaweza kulipuka fundi anapolikata au kulichomelea, kwa kuwa mvuke hubaki ndani hata likionekana kavu. Siku fundi anakuja kukata pipa, watoto wawe kwa jirani.

Tuseme sasa pipa ni safi kabisa. Bado ni chuma. Mwaka 1929 huko Johannesburg kulielezwa ugonjwa wa madini chuma kujazana kwenye ini la watu, na baadaye watafiti wa Afrika Kusini na Zimbabwe waliufuatilia hadi kwenye pombe ya nafaka iliyopikwa na kuchachuliwa ndani ya mapipa na vyungu vya chuma. Pombe hiyo ilipopimwa ilikutwa na miligramu 40 hadi 80 za madini chuma kwa lita. Mwanamke mjamzito, ambaye ndiye mwenye mahitaji makubwa kuliko watu wote, anahitaji karibu miligramu 27 kwa siku. Mtu anayekunywa lita mbili tatu kila siku kwa miaka anajaza ini kuliko uwezo wake, hata liharibike. Urithi wa damu nao unachangia, ndiyo maana si kila mnywaji anaugua.

Hapa nieleze jambo moja kwa sababu nimelisikia mara nyingi. Mjamzito huambiwa anywe pombe ya kienyeji kidogo «iongeze damu», na aliyejifungua huambiwa anywe ili maziwa yatoke. Madini chuma yaliyotoka kwenye kutu ya pipa si njia ya kutibu upungufu wa damu. Yanakuja pamoja na pombe, na hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Kwa anayenyonyesha, pombe hupita kwenye maziwa. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki vimepimwa, pipa halijapimwa. Ukitaka kitu cha nafaka cha kukupa nguvu, kunywa uji au togwa ya siku moja iliyotengenezwa kwenye chombo kizuri.

Mabati na ndoo za kung'aa

Ndoo na karai za bati linalong'aa zimepakwa zinki ili zisishike kutu. Kwa maji ya kufulia ni nzuri sana. Kwa kitu kichachu ni hatari, kwa sababu zinki ndiyo ya kwanza kuyeyuka. Anayekunywa kinywaji kichachu kilicholala kwenye bati hupata kichefuchefu, kutapika na tumbo kukaza, pengine ndani ya nusu saa au saa chache. Mama hudhani ni togwa iliyoharibika na kuimwaga, kisha wiki inayofuata anatengeneza nyingine ndani ya ndoo ileile. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wametapika kwa pamoja muda mfupi baada ya kunywa, jiulize kuhusu chombo kabla hujaulaumu unga.

Mabomba ya maji ya chuma yaliyopakwa zinki nayo yana shida hiyo hiyo. Fundi bomba anayapenda kwa sababu ni imara na anayo kwenye begi. Mwambie hapana.

Geji ya chombo

Ukiwahi kuezeka nyumba unajua kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Mafundi wa vyombo hutumia hesabu hiyo hiyo, na wengine hupunguza gharama kwa kukushonea sufuria kubwa kutoka bati jembamba kabisa. Uji wa kimea ni mzito. Kwenye kitako chembamba unashika na kuungua, unalazimika kukoroga kwa nguvu, na chombo kinatikisika juu ya mafiga. Lita 60 za uji zina uzito wa zaidi ya kilo 60. Kitako kikipinda, mzigo huo unaegemea upande mmoja.

Bonyeza kitako kwa vidole gumba viwili dukani. Kikibonyea na kurudi kama kifuniko cha kopo la maziwa, hicho si cha lita nyingi. Tazama pia vishikio: viwe vimefungwa kwa misumari ya kuponda inayopita ukuta wote, si kubandikwa juu juu.

Kuna sufuria nzito zinazotengenezwa na mafundi wa mitaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu, vipande vya injini na makopo. Ni nene, ni imara, na bei yake inavutia. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kilichoyeyushwa humo. Sufuria za namna hii zilipopimwa katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, baadhi zilikutwa zikitoa risasi kwenye chakula kichachu. Kwa ugali na wali watu watabishana. Kwa togwa ya mtoto mimi ninasema usitumie.

Chombo bora ni cha chuma kisichoshika kutu, ambacho madukani wanakiita stenlesi. Kinafaa kupikia na kuchachulia, hakiyeyuki kirahisi na kinasafishika. Ni ghali, najua. Akina mama wa kikundi cha kukopeshana wanaweza kununua kimoja cha lita 50 na kukitumia kwa zamu. Kama hakipo, rudi kwenye ushauri wa juu: sufuria ya aluminiamu ya dukani kwa moto, ndoo ya chakula au chungu kwa kuchachua.

Ndoo ya chakula utaitambua kwa alama ya glasi na uma iliyochorwa chini yake au ubavuni, au kwa kuwa unajua mwenyewe ilikuja na mafuta ya kula. Ndoo za rangi za ukutani hazifai hata zikisuguliwa mpaka ziwe nyeupe. Usimimine uji unaochemka ndani ya plastiki yoyote. Subiri uweze kugusa ubavu wa sufuria bila kuondoa mkono. Chungu cha udongo kisichopakwa kitu ni salama na hupoza vizuri. Kasoro yake ni kwamba vitundu vyake vidogo huhifadhi chachu, jambo ambalo ni zuri kwa pombe na baya kwa togwa ya mtoto. Nitalirudia hilo.

Koki na viungio

Watu wengi siku hizi huweka koki chini ya chombo ili wasichote kwa kopo. Si wazo baya. Kopo linaloingia na kutoka na mikono ya watu huleta uchafu. Lakini koki ni chuma kidogo kilichojificha, na ndicho kitu ambacho mama huachia fundi achague.

Koki nyingi za dukani zina rangi ya dhahabu. Mafundi huziita brasi. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na mara nyingi huongezwa risasi kidogo ili ziwe rahisi kuchongwa. Kinywaji kichachu kinachokaa ndani ya koki usiku kucha huchukua risasi hiyo, na kikombe cha kwanza asubuhi ndicho chenye nyingi zaidi. Na kikombe cha kwanza asubuhi hupewa nani? Mtoto anayekwenda shule.

Risasi ni sumu ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Haileti homa. Huleta mtoto anayechelewa kusema, asiyetulia, anayeshindwa kushika masomo, mwenye upungufu wa damu usiopona kwa vidonge. Kwa mjamzito, risasi huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hakuna dalili moja ambayo mama anaweza kuinyooshea kidole, na hilo ndilo linaloifanya iwe mbaya.

Kwa hiyo, kwenye chombo cha kuchachulia au kuhifadhia, weka koki ya plastiki ya ndoo za maji ya kunywa, zile zinazouzwa pamoja na ndoo za kuchujia maji. Ina nati kwa ndani na vipete viwili vya mpira, fundi hahitajiki. Kwenye chombo cha kupikia moto plastiki hiyo itayeyuka. Huko chagua koki ya stenlesi, au usiweke koki kabisa na uchote kwa kata yenye mpini mrefu. Mimi ningechagua kata.

Fundi anapounganisha koki atataka kuziba isivuje. Utepe mweupe mwembamba wa mafundi bomba unatosha. Akitoa uzi wa katani na rangi ya mafuta, mkatalie, kwani rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na risasi. Na akisema «nitapiga risasi kidogo hapa» akimaanisha kulehemu, basi jina limekwisha kukuambia kilichomo. Kiungo cha chombo cha chakula kichomelewe kwa stenlesi au kifungwe kwa nati. Kisilehemiwe.

Gongo siiingizi kwenye makala haya. Kuitengeneza hakuruhusiwi Tanzania, na mitambo yake ina hatari zake nyingine. Nitaje moja tu kwa kuwa vipande vyake huzunguka mitaani: rejeta ya gari kuukuu iliyotumika kupoza mvuke imejaa lehemu ya risasi. Bomba, mfereji au kipande chochote kilichotoka kwenye mtambo wa namna hiyo kisiingie kwenye chombo chako hata ukipewa bure.

Kipimajoto cha mtoto si cha sufuria

Kimea kina kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari, na kazi hiyo huenda vizuri zaidi uji ukiwa kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Ukiweka kimea uji ukiwa unachemka, unakiua na uji unabaki mzito. Wanaopika kwa uzoefu hupima kwa kidole au kwa kuangalia mvuke. Wanaotaka uhakika hutafuta kipimajoto, na hapo ndipo wengine huchukua kile cha kupimia homa.

Usifanye hivyo. Kipimajoto cha homa cha kioo kinaishia nyuzi 42. Kikiingia kwenye uji wa nyuzi 65 zebaki hupanuka mpaka kioo kipasuke, na umeweka zebaki ndani ya chakula cha watoto. Uji wote huo umwagwe mbali na kuku na watoto, wala usijaribu kuuchuja. Kama kimepasukia sakafuni, toa watoto nje, fungua madirisha, kusanya matone kwa karatasi ngumu au gundi ya utepe, tia kwenye chupa yenye mfuniko na uipeleke kituo cha afya. Usifagie, kwa sababu ufagio huyavunja matone kuwa madogo na mvuke wake ndio unaodhuru. Kile cha betri hakina zebaki, ila nacho hakipimi joto la uji na kitaharibika.

Kinachofaa ni kipimajoto cha jikoni chenye mchuma mrefu na uso wa mviringo kama saa, kinachofika nyuzi 100 au zaidi. Kabla ya kukiamini, kitie kwenye maji yanayochemka. Dar es Salaam kisome karibu 100. Mbeya au Iringa mjini, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa hiyo usikirudishe dukani ukidhani ni kibovu. Usimruhusu fundi atoboe ukuta wa chombo ili akifunge humo moja kwa moja. Kila tundu ni mahali pa kuvuja na pa uchafu kujificha.

Wengine huuliza kuhusu geji ya presha. Jibu langu ni kwamba huihitaji, kwa sababu hupaswi kuwa na presha. Uji unaochachuka hutoa gesi. Dumu lililokazwa mfuniko huvimba, na chupa ya kioo iliyozibwa hupasuka na kurusha vipande kwenye uso wa aliye karibu. Funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba, au legeza mfuniko. Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, palepale mtoto anapolazwa kwenye mkeka. Pipa kubwa linalochachuka halifai kulala chumba kimoja na mtoto, hasa chumba kidogo kilichofungwa madirisha.

Chombo kikae wapi

Koki iliyo chini ya sufuria ya moto iko kwenye urefu wa uso wa mtoto wa miaka miwili. Ile yenye mpini wa kuvuta ndiyo rahisi zaidi kwake kufungua. Kama umeiweka, chomoa mpini wake na uutie mfukoni mpaka utakapouhitaji. Mafiga yawe mapana kuliko kitako cha chombo, ardhi iwe sawa, na kuwe na kizuizi, hata cha matofali au benchi, kati ya moto na mahali watoto wanapocheza. Uji wa nyuzi 60, ambao kwako ni «umeshapoa», unaunguza ngozi ya mtoto vibaya ndani ya sekunde chache, na kwa kuwa unanata hauondoki kama maji.

Mtoto akiungua, mvue nguo iliyoloa isipokuwa kama imeshikana na ngozi, kisha mwagie maji safi ya kawaida sehemu hiyo kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si yai, si asali, si unga. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, mkinge na baridi na umpeleke kituo cha afya. Uso, mikono, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe: usisubiri asubuhi.

Togwa na pombe zisile chombo kimoja

Hili ndilo nililoahidi kulirudia. Chungu au ndoo iliyokaa na komoni ina chachu hai kwenye mikwaruzo yake hata ukiiosha. Ukitia togwa humo, chachu inaanza kazi mara moja, na togwa unayompa mtoto jioni inakuwa na kilevi ambacho hukukikusudia. Weka alama: ndoo yenye utepe mwekundu ni ya biashara, isiyo na utepe ni ya watoto. Togwa ya mtoto imalizike ndani ya siku moja, na mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe kabisa, huyo ni maziwa ya mama pekee. Machicha yaliyobaki chini ya pipa la pombe si kitafunwa cha watoto wanaosubiri pembeni.

Kuosha, fungua koki yote vipande vipande kila baada ya kutumia, sugua kwa brashi ndogo na sabuni, suuza kwa maji ya moto. Ukitumia dawa ya klorini ya kufulia, osha kwanza uchachu wote utoke ndipo uiweke, kwa sababu klorini ikikutana na asidi hutoa hewa inayochoma mapafu. Usiiache ilale kwenye stenlesi, inaitoboa.

Chombo kizuri hakiokoi unga mbovu. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya mahindi msibani. Uchunguzi ulikuta sumu ya bakteria iliyotokana na unga ulioharibika, na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Unga au kimea kilicholowa, chenye ukungu au harufu ya uvundo hakifai pombe, togwa, wala kuku.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua ndoo ya chakula ya lita 20 yenye mfuniko kwa ajili ya togwa ya watoto peke yake. Mwezi ukifuata, badilisha koki ya dhahabu kwa ya plastiki. Pipa linaweza kusubiri zamu yake, ila lisichachulie kitu cha mtoto wakati linasubiri. Na kama mtoto ametapika, anatokwa na mate mengi, anatetemeka au amelegea baada ya kunywa kitu kutoka kwenye chombo usichojua kilibeba nini, mpeleke hospitali sasa hivi na ubebe chombo hicho, au upige picha maandishi yake kwa simu. Usimlazimishe kutapika njiani.